Chanjo Iliyopata Joto

Mbwa mgeni aliingia lupangoni, yaani uani mwetu, Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa sita, wakati baridi ya Lubumbashi inapowafanya watu wakae nje kuota jua. Lango lilikuwa wazi kwa sababu mke wangu alikuwa anatoa mzigo wake wa vitenge kwenda sokoni. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Nilimwona akija, mbwa wa rangi ya majivu, mwembamba, anatembea moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Hakunusa chochote. Aliwapita kuku bila kuwageukia, akamwendea mbwa wetu aliyekuwa amelala chini ya mpapai, akamng'ata begani.

Hakubweka hata mara moja. Mke wangu alimpiga mgongoni kwa fimbo ya ufagio, naye akaachia, akatoka langoni kwa mwendo ule ule, mate yakimning'inia mdomoni kama uzi. Tulimtazama mpaka akapotea upande wa reli.

Mbwa wetu alikuwa jike la rangi ya udongo, tuliyempata binti yetu alipokuwa na miaka mitatu. Sasa binti alikuwa na tisa. Wakati mimi na mama yake tumesimama langoni tukiulizana yule mbwa ni wa nani, yeye alichukua beseni, sabuni na maji, akapiga magoti chini ya mpapai. Nilipogeuka, kazi ilikuwa imekwisha.

"Papa, niliisha kumusafisha," akasema. "Damu inatoka kidogo tu."

Mikono yake ilikuwa mitupu, na povu la sabuni lilikuwa na rangi ya waridi. Binti yangu ana tabia ya kung'ata kucha. Ngozi ya pembeni mwa vidole vyake haikosi vidonda vidogo vidogo. Niliviona vidole vile, nikaona na povu, lakini akili yangu haikuviunganisha. Nilimwambia tu akaoshe mikono.

Sikuwa na hofu sana kwa sababu mbwa alikuwa na karineti ya chanjo, kijitabu chake. Ilikuwa ndani ya kabati, ya buluu, ina muhuri na sahihi. Aliyemchanja alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, tunayesali naye parokia moja, na anaimba sauti ya chini katika kwaya. Mtaa mzima tulikuwa tunamwita dokta. Nikiulizwa nilimchagua vipi, ukweli ni kwamba sikumchagua. Alikuwa karibu. Alikuwa anakuja mpaka nyumbani, akiwa na koti jeupe na saki, mfuko wake wa dawa, begani. Mbwa hakumng'ata. Na hakuwa na maswali: alifika, akachoma, akapiga muhuri, akanywa chai, akaenda. Nilipenda hivyo.

Basi nilikwenda kumwita. Alikuja mara moja, akachuchumaa, akakifungua kile kidonda kwa vidole vyake, akakinyunyizia unga wa manjano.

"Hapana shida, mwalimu," akasema. "Hii imbwa iko na vaccin. Tulia tu."

Nilijaribu kutulia. Nilirudi kwenye madaftari yangu, nikasoma sentensi moja mara nne.

Mimi nilikulia Kambove, ambako baba yangu alikuwa anafanya kazi ya mgodi. Nilipokuwa na umri kama wa binti yangu, mwanamume mmoja wa kambi yetu, fundi wa kulehemu, aling'atwa na mbwa kisigino. Kidonda kilipona. Watu walisahau, na yeye mwenyewe alisahau. Halafu baada ya majuma mengi akaanza kusema shingo inamkaza. Sisi watoto tulikatazwa kupita karibu na nyumba yao, lakini tulipita. Nilimsikia akiomba maji. Nilisikia kikombe kikiletwa, kisha nikasikia sauti iliyomtoka alipokiona, sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine tangu siku ile. Alikuwa na kiu na alikuwa anaogopa maji. Siku ya tatu walimzika. Mimi nilikaa juma zima nakunywa maji nikiwa nimefumba macho.

Sikuwa nimewahi kumwambia mke wangu habari hiyo. Jumamosi ile, saa sita, nilimfuata sokoni, nikamwambia nikiwa nimesimama kati ya vitenge vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amemwacha mteja wake anangoja.

"Tafuta mungine," akasema. "Kuko mama moja, dokta ya banyama, karibu na barabara ya kwenda mujini. Rafiki yangu mwenye kuuzisha sombe alimupelekea paka yake. Alisema ule mama iko mukali, anauliza maulizo mpaka unachoka."

Kwa namna alivyosema, ungedhani ni kasoro. Lakini nilipanda teksi nikaenda, na karineti mfukoni.

Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa anamwandikia mzee mmoja karatasi. Aliponitazama hakunisalimu kwanza. Aliangalia chini, miguuni pangu.

"Imbwa iko wapi, papa?"

"Nimeiacha ku nyumba, dokta. Nimeifunga."

"Umefanya muzuri. Nani aliigusa wakati ilikwisha kung'atwa?"

Nilisema hakuna. Halafu nikamkumbuka yule jirani na vidole vyake, nikamtaja. Halafu nikalikumbuka beseni.

"Na mutoto wangu," nikasema. "Aliosha kidonda."

"Na mikono tupu?"

"Ndiyo."

"Iko na vidonda ku mikono?"

Nilitaka kusema hapana. Badala yake niliinua mkono wangu mwenyewe, nikamwonyesha pembeni mwa kucha, mahali ngozi inapochanika.

Alivaa miwani, akaifungua karineti. Aliigeuza, akaisoma tena.

"Apa kulipashwa kubakia kakaratasi ka ku chupa ya vaccin, kenye namba. Juu ya nini hakako?"

"Sijue, dokta."

"Alitoa dawa mu nini? Mu kisanduku ya barafu?"

"Mu saki."

"Chupa ilikuwa baridi?"

Kama angeuliza swali lingine lolote, ningesema sijui. Lakini hilo nililijua. Siku ya chanjo ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua. Jirani yangu alikuwa anafungua karatasi ya bomba la sindano kwa meno, akanipa ile chupa ndogo nimshikie. Niliifunga ndani ya kiganja. Ilikuwa na uvuguvugu, kama yai unalolitoa chini ya kuku. Nilikumbuka hata kwamba nilifikiri, ni vizuri, haitamuumiza mbwa.

Nilimwambia daktari. Alivua miwani.

"Papa, sikiliza. Mi sisemi ule muntu iko mubaya. Minasema vaccin ikipata joto, inaweza kubakia maji tu. Hatuwezi kujua. Na kama hatujue, tunafanya sawa vile haikukuwako." Alivuta karatasi akaanza kuandika. "Mambo ya imbwa tutaongea nyuma. Kwanza mutoto. Unamupeleka ku lopitali leo. Hapana kesho, hapana Jumatatu. Leo. Na ule jirani yako pia aende."

Nimefikiri mara nyingi juu ya dakika ile. Nilikwenda kutafuta daktari wa mbwa, naye hakumgusa mbwa, hakumwona hata. Alitaka kwanza kujua ni mikono ya nani iliyogusa nini. Nilitoka pale naogopa mara kumi kuliko nilivyoingia, na hapo hapo nikajua nimempata mtu ambaye sitamwacha.

Nilimpitia mke wangu sokoni na mtoto nyumbani, na kwenye teksi ya kwenda hospitali binti yangu alikaa katikati yetu. Mama yake alikuwa amemshika kifundo cha mkono kama vile vidole vyake vingeweza kukimbia.

"Papa, imbwa yetu itakufa?"

"Sijue, mutoto wangu."

"Na mi?"

"Hapana," nikasema, haraka mno. Alinitazama usoni muda mrefu, na nikaona kwamba hakuniamini.

Muuguzi aliisoma ile karatasi, akamwita daktari wa watu, na mtoto akachomwa sindano ya kwanza jioni ile ile kabla jua halijazama. Zingine zilifuata kwa siku walizotuandikia. Hatukukosa hata moja. Jirani yangu naye alikwenda, siku ya pili yake, baada ya mimi kusimama mlangoni mwake na kukataa kuondoka. Lakini hiyo ni habari nitakayoifikia.

Jumapili mchana yule mama daktari alikuja nyumbani. Alimtazama mbwa kutoka mbali, akauliza anakula, anakunywa, sauti yake ni ile ile, halafu akaniambia njia zipo mbili. Ya kwanza ni kumlaza mbwa usingizi wa mwisho, leo, bila maumivu. Ya pili ni kumchanja upya na kumfungia miezi sita, peke yake, bila mtoto, bila kuku, bila mtu kumgusa.

"Ile ya kwanza njo ya salama zaidi," akasema. "Sitakudanganya. Ile ya pili unaweza kuifanya kama uko muntu wa kufuata sheria kila siku. Siku moja ukichoka, njo siku mubaya."

Mke wangu alitaka ya kwanza. Mimi nilitaka kukubaliana naye, lakini niligeuka nikamwona binti dirishani, paji la uso limegandamizwa kwenye nondo. Nikasema nitafuata sheria. Mpaka leo sijui kama ulikuwa uamuzi mzuri au kwamba tulipona tu. Mke wangu alikaa siku kadhaa bila kusema nami zaidi ya lazima, na sikumlaumu.

Daktari alifungua kisanduku chake cha barafu, akatoa chupa, akaniwekea mkononi. Ilikuwa baridi mpaka ikaniuma. Alimfunga mbwa mdomo kwa utepe, akamchoma, akabandika kale kakaratasi kwenye karineti mpya.

Nyuma ya jikoni nilijenga kibanda cha wavu na mabati, chenye milango miwili, mmoja baada ya mwingine. Chakula nilikiingiza kwa sepetu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilimwaga maji kwenye sahani yake kupitia bomba, nikasimama nje ya wavu nikingoja. Alipoinamisha kichwa na kulamba, nilihesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Ndipo miguu yangu ilikubali kwenda kazini. Siku ambazo hakuwa na kiu nilichelewa darasani, na mkurugenzi wa shule aliniita mara mbili kuniuliza kuna nini nyumbani.

Yule mbwa wa majivu tulisikia aliuawa kwa mawe karibu na reli siku ile ile, akafukiwa na watu wasiojulikana. Hakuna aliyepeleka kichwa chake kupimwa. Kwa hiyo hatukuwahi kujua kama alikuwa na kichaa cha mbwa. Ilibidi kuishi na kutojua.

Kwa jirani nilikwenda Jumamosi ile ile tulipotoka hospitali. Alikuwa lupangoni mwake anafua lile koti jeupe. Nilimweleza yote, chupa, joto, kakaratasi. Alinyanyuka, maji yakimtiririka viwikoni.

"Mwalimu, unataka banifunge?"

"Nataka uende lopitali. Uligusa kidonda."

Alibisha. Alisema amechanja mbwa miaka yote, hakuna aliyekufa. Nikamuuliza dawa anaiweka wapi. Alinichukua ndani akanionyesha frijo yake, yenye mlango uliofungwa kwa kamba, na taa yake imezimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

"Courant inakataka siku mbili, tatu," akasema. "Ikirudia, baridi inarudia. Mi nilikuwa najiambia dawa nayo inarudia." Alibaki akitazama ndani ya ile frijo. "Hakuna mwenye aliniambiaka."

Nilikuwa nimekuja na hasira, na sikupata pa kuiweka. Alijifunza kuchoma sindano kwa kumtazama mtu mwingine, kama mtu anavyojifunza kushona. Sisi tulimwita dokta, naye akaitika.

Siku chache baadaye alinigongea lango na daftari mkononi. Ndani mlikuwa na nyumba zote alizopita, mtaa kwa mtaa, rangi ya kila mbwa, hata paka wawili. Alikuwa amekwenda nalo kwa yule mama daktari, akakemewa, akarudi na maneno ya kuwaambia watu. Aliniomba twende pamoja, kwa sababu peke yake hakuweza.

Tulizunguka Kampemba, sehemu yetu ya mji, Jumapili nyingi baada ya misa, na kila tulipobisha lango niliona aibu kwa ajili yake, na nikaogopa kusikia kwamba katika moja ya nyumba zile tumechelewa. Wengine walitufungia lango usoni. Mama mmoja mzee, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi ndani ya kinu akatutazama.

"Kumbe ulikuwa unatudanganya?"

Nilidhani jirani yangu atajitetea. Aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, mama. Sikujua, lakini ndiyo."

Yule mama alisema atampeleka mbwa wake kwa daktari wa kweli, akarudi kwenye kinu chake. Hakutukaribisha kukaa.

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza kurudi na mijakaranda ya mjini ikafungua maua, nilifika kwenye wavu asubuhi moja nikamwaga maji. Mbwa alikuja, akainama, akarudisha kichwa nyuma. Aliinama tena. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, haufungi, na mate yalikuwa yanamtoka mengi, yanalowesha kifua. Alinitazama, akatoa sauti ya chini nisiyoijua.

Nilisimama pale sijui muda gani. Nilisikia sufuria jikoni, nikasikia binti yangu akimuuliza mama yake viatu viko wapi. Niliingia ndani, nikamwambia mke wangu amtoe mtoto kupitia lango la mbele na asirudi nyuma ya nyumba. Aliniangalia tu, akaelewa, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Nikapiga simu.

Daktari alifika kabla ya saa moja kupita. Hakuukaribia wavu. Aliomba ndoo, akaigeuza, akaikalia umbali wa hatua tano, akatazama. Mimi nilitaka afanye kitu, chochote. Yeye alitazama. Mbwa alizunguka, akaketi, akainua mguu wa mbele akajikwangua mdomo, upande wa kushoto. Baada ya muda akafanya tena, upande ule ule.

"Jana alikula nini?"

"Bukari, dokta," nikasema; ugali wake wa kila siku.

"Na nini tena?"

Jana yake tulikuwa na mgeni, tulipika mbuzi, na kwa huruma nilimsukumia mbwa mifupa kwa sepetu. Daktari alikuwa ameniambia tangu mwanzo, hakuna mifupa. Nilikiri, nikiwa naangalia chini kama mwanafunzi wangu.

Hakunigombeza. "Inaweza kuwa mufupa," akasema. "Inaweza pia kuwa ile ingine. Mufupa hauifukuzi ile ingine. Simama kule mbali."

Alivaa miwani mikubwa ya plastiki, kitambaa mdomoni, na glavu nene mpaka kwenye viwiko. Alifunga sindano ya usingizi kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaipitisha katika wavu, akamchoma mbwa paja. Tulingoja. Mbwa alipoanguka, alimgusa kwanza kwa fimbo, mara mbili, tatu, akangoja tena. Ndipo akaingia, akamwekea kipande cha mti katikati ya meno, akapitisha koleo refu. Nilikuwa nimeshika nguzo ya mabati, na ukingo wake ulinikata kiganja bila mimi kuhisi.

Mfupa ulitoka kwa sauti ndogo, kama kijiti kinachovunjika. Ulikuwa umekwama kwenye kaakaa, toka meno ya upande huu mpaka ya upande ule. Aliuangusha ndani ya ndoo yenye dawa, akatoka, akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili. Alivua glavu bila kugusa upande wa nje. Halafu akaketi chini, kwenye udongo, bila kutafuta ile ndoo yake ya kukalia.

"Ulikuwa unaogopa, dokta?"

"Naogopaka kila siku," akasema. "Leta maji na sabuni."

Alituagiza tungoje siku nyingine kumi kabla ya kusema kitu chochote kwa mtoto. Siku ya kwanza mbwa alikunywa kwa shida, ya pili vizuri, na ya tatu alimaliza sahani nzima. Hata hivyo tulingoja zote kumi. Sikuwahi kumpa mfupa tena.

Miezi sita iliisha katikati ya mvua za mwezi wa kumi na mbili. Daktari alikuja, akampima, akamtazama macho na miguu na namna anavyotembea, akafungua milango yote miwili kwa mkono wake. Mbwa hakutoka. Alikaa mlangoni, anatazama lupango lililolowa kama vile halikuwa lake. Kisha akatoka polepole, akanusa mpapai, akanusa ukuta, akalala chini kwenye tope.

Binti yangu alikuwa amesimama barazani. Kwa miezi yote ile alikuwa ameongea naye kutoka dirishani, akimsimulia habari za shule. Nilidhani atakimbia kumkumbatia. Hakusogea. Mikono yake alikuwa ameificha nyuma.

"Unaweza kumushika sasa," daktari akamwambia. "Imeisha."

Mtoto alimtazama daktari, akanitazama mimi.

"Papa, anza weye."

Nilitembea kwenye tope mpaka nikamfikia. Mbwa aliinua kichwa, akafungua mdomo, ulimi ukatoka. Nilikuwa na daktari nyuma yangu, karineti ya kweli mfukoni, miezi sita yote imehesabiwa, na bado mkono wangu ulisimama hewani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Niliuteremsha. Manyoya yalikuwa yamelowa na yana joto. Nikaupitisha mkono polepole kutoka kichwani mpaka begani, pale penye kovu, na nikasikia nyuma yangu nyayo ndogo zikiteremka barazani, hatua moja, kisha kimya, kisha hatua nyingine.